Askari wa Mwili Wasiolala

Mkulima anapalilia mahindi yake saa tatu asubuhi, naye hana viatu. Mara mwiba wa mgunga unamchoma wayoni. Auchomoa, autupa kando ya tuta, apangusa damu kwa jani, kisha aendelea na kazi, maana mwiba si jambo la kumfanya mtu mzima aweke jembe chini. Jioni wayo wamwuma. Pale palipochomwa pamevimba, pamekuwa pekundu, na akipagusa asikia joto. Asubuhi ya pili yake aona mtoki umemtoka kinenani, mbali kabisa na mahali pa mwiba. Jirani akija kumjulia hali husema, "Mwiba huo ulikuwa na sumu."

Maneno ya jirani si ya kudharauliwa, lakini hayakufika kwenye kiini cha jambo. Uvimbe ule, na joto lile, na maumivu yale, kwa sehemu kubwa hayakuletwa na mwiba. Yameletwa na mwili wa mkulima mwenyewe. Ni ishara kwamba ndani ya wayo mna vita, na kwamba askari wa mwili wamekwisha kufika vitani kabla mwenye mwili hajajua kuwa ameshambuliwa. Yafaa kila mtu azijue habari za askari hao: ni akina nani, wanamtambuaje adui ambaye hawajapata kumwona, na kwa nini silaha zao, ambazo hutuponya kila siku, mara nyingine hutuua.

ADUI NA UKUTA

Adui tunayemsema hapa ni vijidudu viitwavyo bakteria. Ni vidogo mno. Vingi vyao, vikipangwa elfu moja katika mstari mmoja, mstari huo hautazidi milimita moja au mbili. Si vyote vilivyo viovu. Vingi hukaa juu ya ngozi yetu na ndani ya matumbo yetu bila kutudhuru, na baadhi yake hutusaidia. Lakini hata vile vya kawaida, vikipenya mahali pasipo pao, vyaweza kuleta maafa.

Linaloogopesha zaidi ni jinsi vinavyoongezeka. Penye chakula na joto la kufaa, baadhi ya vijidudu hivi hugawanyika kila dakika 20. Kimoja huwa viwili, na viwili huwa vinne. Ikiwa kijidudu kimoja tu cha namna hiyo kiliingia pamoja na mwiba saa tatu asubuhi, na ikiwa hapana kitu cha kukizuia, ilipotimia saa kumi na moja jioni vingekuwa zaidi ya milioni 16. Kwa hesabu hiyo, hakuna mwanadamu ambaye angeishi mpaka kumaliza palizi moja.

Kitukingacho kwanza ni ukuta, nao ni ngozi. Ngozi nzima isiyo na ufa haipitiki kwa urahisi, na tena tabaka lake la juu hubambuka siku zote likiondoka na vijidudu vilivyolishika. Mahali pasipo ngozi ngumu pana ulinzi wa namna nyingine: machoni pana machozi, puani pana kamasi, kinywani pana mate, na tumboni pana asidi kali. Mwaka 1921, katika mji wa London, daktari Alexander Fleming alikuwa na mafua. Akatia kamasi yake katika sahani iliyooteshwa vijidudu, akaona vile vilivyokuwa karibu na kamasi vikiyeyuka. Kitu chenye nguvu hiyo alikiita lisozimu. Baadaye alikikuta katika machozi pia, hata akawa akiwaomba watu wakamuliwe ndimu machoni ili apate machozi ya kufanyia majaribio. Lisozimu hukata ukuta wa kijidudu, na kijidudu hupasuka. Fleming huyo ndiye aliyegundua penisilini mwaka 1928.

Walakini mwiba haubishi hodi mlangoni. Hutoboa ukuta mara moja, na pamoja nao huingia udongo na vilivyomo katika udongo. Hapo ndipo wanapohitajiwa askari wa ndani.

MWIBA WA MESSINA

Mtu aliyetufumbulia habari za askari hao alitumia mwiba vilevile. Jina lake ni Ilya Mechnikov, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa katika milki ya Urusi. Mwishoni mwa mwaka 1882 alikuwa akikaa Messina, mji wa bandari katika kisiwa cha Sicily, nchi ya Italia. Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama michezo ya nyani, naye akabaki nyumbani na darubini yake, akiwachungulia watoto wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Watoto hao ni wadogo sana, na mwili wao ni mwangavu kama kioo, hata mtu aweza kuona yanayotendeka ndani.

Mechnikov aliona chembe ndogo zikitembea huku na huko ndani ya mwili ule. Likamjia wazo: labda chembe hizi ni walinzi. Na kama ni walinzi, basi mnyama huyu akichomwa na kitu kigeni, hapana shaka zitakimbilia pale pale. Akatoka mpaka bustanini, akachuma miiba midogo ya waridi, akaichomeka chini ya ngozi ya watoto wale. Usiku ule hakupata usingizi. Alfajiri alipotazama, aliona chembe zimekusanyika na kuuzunguka mwiba pande zote, kama watu wa kijiji waliomzingira mwizi.

Wakati ule wataalamu wengi walikuwa wamekwisha kuona vijidudu ndani ya chembe nyeupe za damu, lakini walidhani kwamba chembe hizo huvibeba na kuvieneza mwilini. Mechnikov alisema sivyo: chembe nyeupe huvila. Alibishana nao miaka mingi. Tangu mwaka 1888 alifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur, Paris, na mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani, ambaye alifundisha kwamba nguvu ya ulinzi imo katika maji ya damu. Leo twajua kwamba kila mmoja wao aliona upande mmoja wa kweli.

Askari aliowaona Mechnikov wapo ndani yetu nasi pia, nao ni wa aina nyingi. Wawili yafaa tuwataje kwa majina. Wa kwanza ni makrofaji, askari wa zamu, akaaye siku zote chini ya ngozi, mapafuni, katika ini na karibu kila mahali, akipita na kupapasa. Wa pili ni nyutrofili, askari wa msaada, azungukaye katika damu akingojea kuitwa. Uboho wa mifupa ya mtu mzima huzaa nyutrofili wapatao bilioni 100 kila siku, na maisha yao ni mafupi: saa chache au siku chache tu. Ni jeshi linaloajiriwa upya kila kunapopambazuka.

FISI HUJULIKANA KWA NYAYO

Sasa laja swali gumu. Askari hawa wana silaha kali, nao wamezungukwa na chembe za mwili wenyewe, matrilioni kwa matrilioni. Wanajuaje kwamba hiki ni cha kuliwa na hiki si cha kuguswa? Vijidudu vina aina zisizohesabika, na kila siku huenda pakaja aina ambayo mtu huyu, hata babu yake, hakupata kukutana nayo.

Mchungaji aonaye nyayo za fisi karibu na zizi hana haja ya kujua ni fisi gani, wala ametoka kilima kipi. Huenda fisi yule hajawahi kuonekana katika nchi ile. Nyayo zatosha, mchungaji atapiga kelele. Ndivyo wafanyavyo askari wa mwili. Hawamjui adui kwa uso, bali kwa alama ambazo jamii nzima za vijidudu huwa nazo, na ambazo mwili wa mwanadamu hauna hata kidogo.

Alama hizo ni za namna mbalimbali. Karibu bakteria zote zina ukuta uliofumwa kwa kitu kiitwacho peptidoglikani. Chembe zetu hazina ukuta kama huo. Bakteria za kundi moja kubwa huvaa juu ya ukuta huo ngozi ya mafuta na sukari iitwayo lipopolisakaridi. Nyingi zina mkia wa kuogelea, uliotengenezwa kwa flajelini. Nalo lililo muhimu ni hili: alama hizi si nguo ya kuvua na kutupa. Kijidudu kikiuacha ukuta wake hupasuka. Kikiukata mkia hakiwezi kuogelea. Kwa hiyo alama yenyewe ndiyo uhai wake, na mlinzi aishikaye alama hiyo amemshika adui mahali pasipoponyoka.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Charles Janeway, alitoa wazo kwamba lazima askari wa mwili wawe na kitu cha kushikia alama za namna hiyo, ingawa hapakuwa na mtu aliyekwisha kukiona. Miaka saba baadaye, mwaka 1996, Jules Hoffmann na wenzake huko Strasbourg, nchi ya Ufaransa, walionyesha kwamba nzi wadogo wa matunda walioharibika jeni moja iitwayo Toll hawakuweza kujikinga na kuvu, wakafa. Mwaka 1998 Bruce Beutler na wenzake huko Marekani walichunguza kabila la panya wenye tabia ya ajabu: ukiwadunga lipopolisakaridi peke yake, hata kipimo ambacho kingewaua panya wengine, hawakudhurika, lakini ukiwatia vijidudu vilivyo hai, walikufa upesi. Sababu ilionekana. Panya hao walikuwa na kasoro katika kipokezi kinachofanana na kile cha nzi. Hawakuwa na macho ya kuiona alama. Kwa hiyo hawakuugua kwa kuiona, lakini adui wa kweli alipokuja, hapana aliyepiga kelele.

Hoffmann na Beutler walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Wanadamu tunavyo vipokezi kumi vya jamii hiyo, kila kimoja na alama yake, mbali na vya jamii nyingine. Msomaji awakumbuke panya wale, maana habari yao ndiyo ufunguo wa yote yanayofuata: king'ora kisicholia huua, na king'ora kinacholia kupita kiasi huua vilevile.

MBIU YA MGAMBO

Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Makrofaji akiishika alama ya adui, hatua yake ya kwanza ni kupiga mbiu. Humwaga vitu viitwavyo saitokini, ambavyo ni ujumbe kwa majirani walio karibu na kwa walio mbali. Kwa ujumbe huo na wa chembe nyingine, mishipa midogo ya damu hupanuka, na damu nyingi huja. Ndiyo maana pakawa pekundu na pa moto. Kuta za mishipa hulegea na kuvuja maji. Ndiyo maana pakavimba. Neva huchokozwa, ndiyo maana pakauma, na kuuma kwenyewe kuna faida, kwa kuwa humlazimisha mtu kuupumzisha mguu ulio vitani. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliziandika dalili hizi nne: wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Nasi tuongeze kwamba katika ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane wazi. Mahali penyewe huweza kung'aa na kuwa peusi zaidi ya kawaida, kwa hiyo mkono upimao joto ni shahidi mzuri kuliko jicho.

Kuta za mishipa iliyo karibu na jeraha huanza pia kunata. Nyutrofili waliokuwa wakipita katika damu hunaswa, hujiviringisha, husimama, kisha hujipenyeza katikati ya chembe za ukuta na kutoka nje, wakifuata harufu ya vita. Baada ya saa chache wamejaa.

Wakati huo huo maji ya damu nayo hayakai bure. Yamo ndani yake protini zaidi ya 30 ziitwazo kwa pamoja komplementi, ambazo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na ini. Kazi yao moja ni kama ile ya mhuri ofisini. Hugonga mhuri juu ya kijidudu, mhuri mmoja huita mingine, na mara kijidudu kizima kimejaa mihuri. Kilichopigwa mhuri hushikwa kwa urahisi na kumezwa. Kazi yao nyingine ni kuungana na kutoboa tundu katika ngozi ya baadhi ya vijidudu. Chembe zetu wenyewe zina vifaa vya kuufuta mhuri ukizipata kwa bahati mbaya.

Nyutrofili akiisha kummeza adui humfungia katika chumba kidogo ndani ya mwili wake, kisha humwagia sumu nyingi. Mojawapo ni asidi ya jamii ile ile ya klorini itumiwayo kusafishia maji ya kunywa. Kimeng'enya kiitengenezacho kina rangi ya kijani, nacho ndicho hutia usaha na makohozi mazito rangi hiyo. Mwaka 2004 wataalamu wa Berlin waligundua silaha nyingine: nyutrofili huweza kuzitupa nje nyuzi za urithi wake mwenyewe, zikatandazwa kama wavu wa mvuvi na kuvinasa vijidudu. Usaha basi si uchafu ulioingia na mwiba. Usaha ni mizoga ya askari na ya maadui, pamoja na masalio ya uwanja wa vita. Vita ikiisha, makrofaji huja kuila mizoga na kuanza kazi ya kujenga upya.

Mbiu ikiwa kubwa husafiri na damu mpaka kichwani. Ubongo hupandisha kipimo cha joto, na mtu hutetemeka chini ya blanketi. Hiyo ndiyo homa. Katika joto hilo vijidudu vingi huongezeka kwa shida, na askari wengi huchangamka.

TARISHI NA MAFAILI

Askari tuliowaeleza hadi sasa ni wale tuliozaliwa nao. Hufika upesi, lakini hawatunzi kumbukumbu kama wale wenzao wa pili, ambao hujifunza sura ya adui mmoja mmoja. Kati ya vikosi hivi viwili yupo tarishi, chembe yenye matawi kama mti, ambayo Ralph Steinman aliieleza pamoja na Zanvil Cohn mwaka 1973. Tarishi huyu huokota vipande vya adui pale wayoni, huvipeleka katika tezi za kinenani, na kuvionyesha kwa chembe zilizomo. Ni kama karani mkuu apitiaye mafaili yote kabatini mpaka alipate moja lenye jina lililoandikwa katika barua. Kulitafuta, na kisha kulinakili faili hilo mara maelfu, huchukua siku kadhaa. Mtoki basi ni ofisi iliyojaa kazi. Na lau askari wa kwanza wasingalimzuia adui siku hizo zote, karani angalimaliza kazi yake ofisi imekwisha kuteketea.

MAADUI WENYE HILA

Yote haya yangetosha kama adui angekuwa mjinga. Lakini vijidudu navyo vina werevu wao. Kile cha kifua kikuu hukubali kumezwa na makrofaji, kisha hukaa ndani yake na kumfanya askari kuwa nyumba. Kile cha tauni, kikiwa ndani ya kiroboto, huwa na alama ya kawaida. Lakini kikiingia katika joto la mwili wa mtu hubadili ngozi yake, na kipokezi hakiitambui vema, hata mbiu ikachelewa kupigwa. Kile cha pepopunda, ambacho mbegu zake hukaa miaka mingi katika udongo na mavi ya wanyama, hakina haja ya kuongezeka sana; hutoa sumu kidogo tu, nayo ni kali mno hata hata aliyepona ugonjwa huo hapati kinga kwa kuugua kwake. Hapo hapana tegemeo ila chanjo.

Yupo pia pneumokokasi, aletaye homa ya mapafu na uti wa mgongo. Huyu huvaa joho la sukari lenye utelezi, mhuri usishike vizuri na askari asipate pa kumkamatia. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, na hasa wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengu wao, uliokusudiwa kuichuja damu, huharibika mapema. Kwetu Kenya jambo hili limepimwa. Katika hospitali ya Kilifi watafiti walichunguza damu ya watoto waliolazwa kati ya mwaka 1998 na 2002, wakakuta kwamba zaidi ya robo ya watoto waliofia hospitalini walikuwa na bakteria katika damu. Kenya ilianza kutoa chanjo ya pneumokokasi kwa watoto mwaka 2011. Chanjo hiyo huwafundisha makarani wa mwili kutengeneza kishikio kinachogandamana na lile joho. Basi askari wa kuzaliwa nao, aliyekuwa akiteleza, sasa apata mahali pa kushika.

ASKARI WANAPOUNGUZA NYUMBA

Tumefika penye hatari kubwa kuliko zote. Mbiu iliyopigwa wayoni ilikuwa na faida kwa sababu ilipigwa mahali pamoja. Mishipa ikipanuka na kuvuja katika wayo, mtu hupata uvimbe. Lakini vijidudu vikishinda mpaka wa jeraha na kuenea, na mbiu ikapigwa mwili mzima kwa wakati mmoja, mishipa ya mwili wote hupanuka na kuvuja. Shindo la damu huanguka. Damu huganda ovyo katika mishipa midogo. Figo, mapafu na ubongo hukosa chakula na hewa. Silaha ni zile zile zilizotuokoa jana, lakini sasa askari wanaiunguza nyumba ili kumfukuza mwizi. Ugonjwa huu waganga huuita sepsisi. Makadirio ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba katika dunia nzima watu wapatao milioni 49 waliupata mwaka huo, na wapatao milioni 11 walikufa.

Vifo vingi kati ya hivyo huanza kwa jambo dogo: kidonda, jipu, kifua, mkojo, kitovu cha mtoto mchanga, uzazi usio safi. Kwa hiyo kila mwenye nyumba azijue dalili zake. Mgonjwa hupumua haraka haraka. Moyo humwenda mbio. Hutetemeka, au mikono na miguu huwa baridi. Hukojoa kidogo sana. Husinzia, au husema maneno yasiyo na mpango. Mtoto huacha kunyonya, hulegea, au hupatwa na degedege. Tena mtu asidanganyike kwa kukosa homa, maana wazee na watoto wachanga huweza kuwa baridi ilhali wamezidiwa. Mgonjwa wa namna hii hangojwi mpaka kupambazuke, wala hapelekwi kwanza kwa jirani kuombewa dawa iliyosalia chupani. Apelekwe hospitali saa ile ile, kwa kuwa kila saa ipitayo huuzidisha moto.

YATUPASAYO KUTENDA

Mambo tuliyoyasoma yana matumizi shambani na ofisini. Jeraha, hata likiwa dogo, lioshwe kwa maji safi na sabuni, na mwiba utolewe wote, kwa sababu kuvipunguza vijidudu mwanzoni ni kuwapunguzia askari kazi mara milioni. Mavi ya ng'ombe, udongo na majivu visipakwe juu ya kidonda. Huko ni kumfungulia adui mlango alioufungiwa. Aliyechomwa na kitu kichafu aende kuulizia sindano ya pepopunda. Jipu lisiminywe, hasa la usoni, maana kuliminya ni kuubomoa ukuta ambao askari wameujenga kulizunguka, na vijidudu vyaweza kupita katika mishipa kuelekea ubongoni. Mstari mwekundu au mweusi unaopanda kutoka kwenye kidonda kwenda juu ni habari kwamba mpaka umevukwa. Mwenye kisukari aogope kidonda cha mguu kuliko wengine, kwa kuwa askari wake huwa wazito.

Kadhalika tuelewe dawa za kuua vijidudu hufanya nini. Nyingine huua, nyingine huzuia tu vijidudu visizidi, na kazi ya kumaliza huachiwa chembe nyeupe. Wagonjwa ambao chembe hizo zimekwisha, kama wale wanaotibiwa saratani kwa dawa kali, huweza kufa kwa vijidudu ambavyo mtu mzima wa afya hatavihisi. Dawa ni msaidizi wa askari, si badala yao. Vidonge vitatu vilivyonunuliwa dukani bila cheti cha daktari havitoshi kumshinda adui, bali vyatosha kumfundisha kuizoea silaha.

Mkulima wetu huenda akapona bila kumwona daktari, kama wengi waponavyo. Siku ya tatu uvimbe utapungua, mtoki utashuka, naye atarudi shambani bila kujua kwamba mabilioni wamekufa kwa ajili ya wayo wake. Si lazima awajue kwa majina. Lakini ajue walau hili, kwamba joto na maumivu ni sauti ya walinzi wake. Ikisikika mahali pamoja kisha ikatulia, wameshinda. Ikizidi na kuenea mwili mzima, wanaomba msaada, na wa kuwapelekea msaada huo ni yeye mwenyewe na watu wa nyumbani mwake.